Mjomba anataka kutoa mahindi apande jatrofa (kamuti ka mbegu za mafuta) ya mazutu (dizeli), munasemaje?

Lupango_BelAir

Jambo yenu bote. Swali yangu ni ya shamba lakini inagusa pia mazutu na umeme, njo maana nimeileta huku kwenye kuna bafundi na batu ya agro.

Mjomba wangu iko na hekta tano hapa Lubumbashi, barabara ya Kasenga. Kila mwaka analima mahindi, mihogo pembeni, njo inatulisha sisi bote kwa lupango na mifuko ingine anauzisha. Sasa kulipita kule bwana moja na jeep safi, makaratasi yenye rangi, anasema mazutu ya dunia iko inaisha, masosyete ya mine zitalazimishwa kuweka mafuta ya mimea ndani ya makamyo yao, na mutu mwenye kupanda jatrofa leo njo mwenye kuwa tajiri kesho. Anauzisha miche, mavuno atakuja kununua yeye mwenyewe. Eti jatrofa haiombe maji, haiombe mbolea, inaota hata penye udongo imechoka, mwaka wa tatu unaanza kuhesabu dola.

Mjomba ameshika moto kabisa. Kila jioni ni Brazil, Brazil, eti kule motokari zinatembea na miwa, sisi tunalala. Bibi yake anakatala, anauliza bukari (ugali) ya batoto itatoka wapi. Bote babili bananiangalia mi juu nilisoma, lakini nilisoma droit (sheria), jatrofa sijawahi hata kuigusa.

Kwa hiyo mbili tu: ni kweli haya mafuta ya mimea njo itabeba dunia siku zinazokuja? Na hekta tano zinaweza kutoa nini, kwa kweli kweli?

fundi_wa_kamyo

Mi nitajibu upande ya motere, shamba nawaachia wenyewe.

Motere ya dizeli kukunywa mafuta ya mimea, hiyo haiko uongo na haiko kitu ya jana. Mwaka 1900 kwa maonyesho ya Paris, motere ya ule Mjerumani Rudolf Diesel ilizunguka na mafuta ya karanga mbele ya batu. Na ingine yenye kutuhusu zaidi: mu 1937 professa Chavanne wa Bruxelles alipata breve (haki ya uvumbuzi) ya kugeuza mawese kuwa mafuta ya dizeli, na mu 1938 bisi ikabeba abiria nayo kati ya Bruxelles na Louvain. Unajua juu ya nini Babeleji balikuwa na akili ya mawese? Juu balikuwa na Kongo, si ngumu kuelewa.

Shida iko kwa kiasi. Ile makamyo kubwa ya karière, yenye kubeba tani 90 na kupita, ikiwa kazini inakunywa litre 50 kwa saa na mara mingi inapita hapo. Tuchukue 50, tusimuonee ule bwana. Jatrofa, ukipata tani moja ya mbegu kwa hekta na ukamue vizuri, ni litre kama 300. Kwa hiyo hekta moja ya mjomba, jasho ya mwaka muzima, ni saa sita ya kamyo MOJA. Hekta zote tano zinaisha siku moja na robo. Na mine haiko na kamyo moja.

Tena hayo mafuta huyamwage tu kwa tanki. Ni mazito, yanaziba enjekta, pistoni inajaa makaa, nimeshafungua motere za namna hiyo na nikatamani kulia. Ili yawe biodizeli ya kweli unayapika na metanoli na soda, unatoa gliserini, unasafisha, unakausha. Metanoli yenyewe inatoka inje, itapita mpaka wa Zambia, Kasumbalesa, ndani ya kamyo yenye kukunywa mazutu. Sasa umwambie mjomba amuulize ule bwana kiwanda chake cha kukamua kiko wapi. Kama atajibu "kinakuja", aachane naye.

agroKasapa

Fundi amesema ukweli kuhusu kiasi, na hata ile tani moja kwa hekta ni bahati kwa udongo wetu bila mbolea.

Hii hadithi ya jatrofa si mpya, ndugu. Kati ya 2005 na 2011 hivi Afrika nzima iliambiwa maneno hayo hayo, neno kwa neno, "haihitaji maji, haihitaji ardhi nzuri". Tanzania, wilaya ya Kisarawe, kampuni kutoka Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11, ikapanda, 2011 ikaanguka, wafanyakazi wakarudi nyumbani na wanakijiji wakabaki wanauliza ardhi yao ni ya nani. Zambia, hapa hapa jirani, wakulima wadogo walisainishwa kontra za miaka mingi, wakapanda, mnunuzi akapotea, miti ikang'olewa au ikaachwa ndani ya majani. Kenya mu 2009 shirika la Wajerumani GTZ lilisaidia kupima mashamba ya wakulima wenyewe, si ya karatasi, na jibu likawa wazi kwamba jatrofa shambani haimlipi mkulima mdogo, apande kwa ua tu.

Kwa nini ilianguka kila mahali? Mmea kuvumilia ukame ni kitu kimoja, kuzaa ndani ya ukame ni kitu kingine kabisa. Jatrofa hapa Katanga itapita kiangazi chetu cha miezi karibu sita bila kufa, kweli, itaangusha majani na kusimama kama fimbo, lakini mbegu zinataka maji na mbolea kama mahindi tu. Halafu matunda hayaivi pamoja. Kwenye tawi moja unakuta la kijani, la manjano na jeusi lililokauka, kwa hiyo unapita shamba lile lile tena na tena kwa mkono, na siku za kuvuna zinakula bei yote ya mbegu. Na kapi inayobaki ukishakamua ina sumu, huwezi kumpa mbuzi wala kuku, inafaa kuwa mbolea basi. Karanga au soja ukikamua, kapi ni chakula cha mifugo, unauza mara mbili. Jatrofa unauza mara moja, kama unauza.

Sasa Brazil ya mjomba. Brazil ni kweli, ila hakuna mkulima wa hekta tano aliyeianzisha. Ilianza na serikali, programu ya Proálcool mwaka 1975, baada ya bei ya petroli kupanda vibaya 1973, na serikali iliweka pesa nyingi sana, mikopo, bei ya kulazimisha, pompe za alkoli kwenye stasyo zote. Miwa yenyewe ni mmea wa ajabu, hekta moja kule inatoa litre 6,000 na zaidi za ethanoli (ndiyo ile alkoli) kwa mwaka, na kiwanda hakinunui umeme maana kinachoma makapi ya miwa hiyo hiyo. Tangu 2003 wana motokari zinazokunywa esansi (petroli) au ethanoli, vyovyote utakavyochanganya, na 2025 wamepandisha ethanoli ndani ya esansi ya kawaida kutoka asilimia 27 mpaka 30. Wamefanya kazi nzuri, mimi nawavulia kofia, lakini wana ardhi ya tambarare, mvua, barabara, na miaka 50 ya kukosea na kurekebisha.

Kuhusu swali la kwanza, kubeba dunia: hapana. Leo mafuta yote ya mimea, ukichanganya Brazil, Marekani, Indonesia na mawese yake, yote, ni kama asilimia 4 tu ya nishati ya usafiri duniani. Na sababu iko ndani ya jani lenyewe. Jani linakamata chini ya asilimia moja ya jua na kuliweka kuwa kitu unachoweza kuvuna, pano ya sola ya kawaida inakamata kama 20. Kwa hekta ile ile. Kwa hiyo motokari ndogo, taa, friji, pompe ya maji, hivyo vyote vitaenda kwa umeme. Mafuta ya mimea yatabaki pale betri inaposhindwa, hasa ndege. Umoja wa Ulaya umeshalazimisha: 2025 asilimia 2 ya mafuta ya ndege kwenye viwanja vyao iwe ya aina mpya, 2030 iwe 6, na 2050 ifike 70. Ila wamesema pia mimea ya chakula haihesabiwi, wanataka mafuta yaliyokwisha kukaanga, takataka za shamba, vitu hivyo, na sehemu ya ile 70 itakuwa mafuta ya kutengenezwa na umeme, bila mmea wowote.

Mama_wa_Unga

Mi niko nauzisha unga kwa soko na ninaona hapa banaume banaongea motere, ndege, Ulaya, hakuna mwenye kuuliza mfuko ya unga itakuwa bei gani.

Munasahau 2023? Zambia ilifunga mulango, unga ikakosa Lubumbashi nzima, batu balikuwa banalala mbele ya madepo, mutu na kazi yake nzuri anatafuta kilo mbili sawa mwenye kuomba. Na ni muji yenye kuzungukwa na udongo! Halafu mutu akuje na jeep aseme toa mahindi weka miti yenye sumu. Marekani banaweka zaidi ya theluthi moja ya mahindi yao ndani ya ethanoli, sawa, bale bako nayo ya kutupa. Mu 2007 ule Jean Ziegler wa ONU (Umoja wa Mataifa) alisema kugeuza udongo wa chakula kuwa mafuta ya motokari ni kosa juu ya binadamu, batu bakasema anakuza maneno, mwaka wenye kufuata bei ya chakula ikapanda dunia nzima.

Bibi ya mjomba iko na haki. Kama mutu anataka hekta tano yangu, alete kwanza mifuko ya mahindi ya miaka mitatu yenye tutakuwa tunangojea miti yake. Aweke kwa depo yangu nihesabu.

agroKasapa

Mama umenifurahisha, hiyo ya mifuko ya miaka mitatu ningeiandika ndani ya kontra. Niongeze tu, kwa haki, kwamba mahindi ya ethanoli ya Marekani hayapotei yote, makapi yake yanarudi kulisha ng'ombe, na bei ya 2008 ilisukumwa na mengi, petroli yenyewe ilikuwa juu, ukame, nchi kufunga mipaka. Lakini kwetu hesabu ni mbaya zaidi, si nafuu. Tani moja ya mahindi inatoa litre kama 400 za ethanoli, na mkulima wetu asiye na mbolea anavuna kwenye tani moja kwa hekta. Litre 400 tena zenye nguvu ya theluthi mbili ya esansi. Hakuna mtu mwenye akili atafanya hivyo Katanga.

Kadutu_243

Salamu kutoka Bukavu. Nafuata mazungumzo yenu na nakubali mengi lakini naona munafunga mulango yote juu ya jatrofa moja yenye jina mbaya.

Angalieni Malawi. Haina bahari kama vile sisi huku mashariki, kila litre ya esansi inafika na kamyo kutoka mbali, na tangu 1982 kiwanda cha Dwangwa kinatengeneza ethanoli na molasi, ile maji nyeusi nzito yenye kubaki kama wamekwisha kutoa sukari. Wanachanganya ndani ya esansi. Hakuna mutu mwenye alikosa ugali juu ya molasi. Na sisi tulikuwa na kiwanda ya sukari Kiliba, pale karibu na Uvira, uwanda wa Ruzizi ni tambarare, joto, maji iko, miwa ilikuwa inatoka vizuri kabisa mpaka vita ya miaka ya 1990 ikasimamisha. Mutu akiniambia tufufue miwa, sukari kwanza, kisha molasi iende kwa ethanoli ya kupikia ao ya kuchanganya na esansi ya bakadafi wetu wenye kuuza ndani ya mabidoni, hiyo nitasikiliza. Mazao ni ya chakula, mafuta ni ya makombo.

Kuhusu umeme mimi sione hata sababu ya kuleta mimea. Barage ya Ruzizi ya kwanza iko inazunguka tangu 1958, Inga ya pili tangu 1982, na bado tunalala giza, kwa hiyo shida yetu haiko kukosa nguvu ya maji, ni kebo, matransfo na pesa kupotea njiani. Hata upande jatrofa mpaka Kalemie, kebo zenye kuoza zitabaki zenye kuoza.

fundi_wa_kamyo

@Kadutu kwa molasi tuko pamoja. Ila usimwambie kadafi achanganye yeye mwenyewe kwa bidoni, tafazali, esansi ya barabarani tayari iko na maji ndani. Ethanoli inavuta maji, ikishavuta ya kutosha inaachana na esansi na kushuka chini ya tanki, pikipiki inazimika katikati ya barabara na motari (mwenye kuiendesha) anakuja kunilaumu mimi.

Lupango_BelAir

Asanteni sana bakubwa, mama asante. Nimemsomea mjomba yote, na ile hesabu ya saa sita nilirudilia mara mbili, akanyamaza akachukua kalamu akafanya yake, ikatoka sawa. Lakini sasa anasema mumekuwa wepesi kubomoa. Hekta mbili za nyuma zimechoka kweli, mahindi inatoka fupi ya manjano, mbolea ni bei. Anataka kitu cha kuweka pale chenye kuuzika. Mumwambie apande nini?

agroKasapa

Apande makala, yaani makaa ya kupikia.

Sicheki. Tunaongea nishati ya mimea kama vile ni kitu cha Brazil, na zaidi ya asilimia 90 ya nyumba za nchi hii zinapika na miti. Mbabula (jiko la makala) ya mama yako njo biocarburant (mafuta ya mimea) kubwa kuliko zote za Kongo, na mnunuzi wake haji na jeep, anakaa hapa hapa Lubumbashi, komini za Kenya, Katuba, Kampemba, anataka mfuko wake kila wiki. Misitu yetu ya miombo inakwisha, wachomaji wanaenda mbali kila mwaka, na mfuko unapanda bei kwa sababu ya njia.

Kuna mfano mmoja nataka mjomba aujue, Mampu, kwenye uwanda wa Batéké upande wa Kinshasa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walianza kupanda akasia (ile auriculiformis) kwenye mchanga mkavu ambao hakuna mtu aliutaka, hekta kama 8,000, kisha wakagawia familia zaidi ya 300, hekta 25 kila moja. Mzunguko wake unaenda hivi: unapanda akasia pamoja na mahindi au mihogo, mwaka wa kwanza na wa pili unavuna chakula katikati ya mistari, halafu miti inafunga kivuli na unaiacha. Asali unatoa pale pale. Ikifika miaka nane mpaka kumi unakata, unachoma makala, matawi na majani unayachoma kidogo chini, na moto huo unaamsha mbegu za akasia zilizoanguka, zinaota zenyewe. Unalima tena katikati. Akasia inafunga azoti (nitrojeni) ya hewa ndani ya udongo, kwa hiyo yale mahindi ya manjano ya mjomba yatakuwa ya kijani duru ya pili, bila mfuko wa mbolea au na mdogo.

Nimwambie ubaya pia. Hapa kwetu kiangazi ni kirefu kuliko Batéké, miti itakua polepole, asitegemee miaka nane, ahesabu zaidi. Pesa inakawia. Na moto wa mwezi wa nane ukiingia kutoka kwa jirani, umepoteza yote jioni moja, kwa hiyo kila mwaka kabla majani hayajakauka lazima alime mkanda safi kuzunguka, mpana, asionee uvivu. Na kwenye tanuru asichome kama wale wa haraka haraka, ambao kilo 100 za mti zinawatolea kilo 10 au 15 za makala. Mti ukauke vizuri kwanza, tanuru lipangwe bila matundu, bomba la moshi liwekwe, anaweza kufika 20 na kitu. Hapo ni kama ameongeza nusu ya shamba bila kupanda.

Mama_wa_Unga

Hiyo ya makala naielewa. Lakini karatasi ya udongo iko? Miti ni ya miaka kumi, shefu akikufa mwenye kumufuata atasema hekta yenye miti haina mwenyewe. Shamba ya mahindi mutu haiibe, lakini miti yenye kufikia kukatwa, we! Wewe mwenye kusoma droit njo kazi yako hiyo, uache jatrofa.

Lupango_BelAir

Mama umenipata kabisa. Karatasi ni ya shefu tu, iko na tampon (muhuri) lakini haikufika kwa kadastre (ofisi ya serikali ya ardhi), nitaanza na hiyo.

Mjomba amekubali akasia kwa zile mbili za nyuma, mahindi inabaki mbele, bibi yake amecheka siku ya kwanza tangu bwana wa jeep apite. Ila ametuambia sasa, kwa sauti ya chini, kwamba alishalipa akompte (malipo ya kwanza) ya miche mia mbili na bameshaileta, iko nyuma ya jiko inamwagiliwa maji.

Kadutu_243

Haha pole sana mjomba. Asiitupe. Huku kwetu batu banaipanda kwa ua, ng'ombe na mbuzi haziikule juu ya ile sumu. Aizungushe shamba kwenye mbuzi za majirani zinapita, apande karibu karibu, hatua moja moja, mvua ya kwanza ikinyesha. Na kama haitoshi kuzunguka hekta zote asinunue ingine hata moja, akate matawi ya ile ya kwanza yakishakomaa, urefu wa mukono, ayachomeke udongoni, yanaota yenyewe bure.

fundi_wa_kamyo

Na mbegu zenye zitatoka kwa ua aniletee, nitamkamulia bure ya taa ya jikoni na sabuni. Si ya kamyo.